Siku Niliposoma "Boil" Mbele ya Ukoo

Enzi zetu Kiingereza kilifika kwetu kikiwa kimefungwa kwenye keria ya baisikeli. Aliyekibeba ni mwalimu Anzuruni. Alifundisha shule mbili pale Kasongo, moja asubuhi na nyingine mchana, na kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja tu kwa shule zote: chake, kilichopoteza jalada, alichokikaza kwa ukanda wa mpira mweusi ili barabara ya mawe isimwangushie. Tukisikia kengele ya baisikeli, sisi wasichana tunaacha nzango, ule mchezo wetu wa kuruka, kupiga makofi na kurusha mguu mbele ya mwenzako, tunakimbilia darasani na vumbi lingali mdomoni. Ubao tulikuwa tumeupaka wenyewe Jumamosi, kwa majani ya matembele na unga mweusi wa betri zilizokufa. Nikiwaambia watoto wangu leo kwamba ubao tulikuwa tunaupaka betri, wananitazama kama mtu aliyetoka pangoni.

Kifaransa tulishakizoea kwa maumivu. Ukinaswa unasema Kiswahili uwanjani, unavalishwa kipande cha ubao shingoni, unazunguka nacho mpaka umnase mwenzako. Kiingereza kilitukuta tukiwa tayari mwaka wa tatu wa sekondari, na mimi nilikiona chepesi, kwa sababu nusu ya maneno yake yalikuwa Kifaransa kilichovaa shati la mtu mwingine. Nilikipenda. Kila neno nililiandika kwenye daftari, kushoto Kiingereza, kulia Kifaransa, na katikati mstari mwekundu ulionyooka.

Muhula ule tulikuwa kwenye sura ya magonjwa. Kikohozi, homa, kuumwa tumbo. Mwisho kabisa mwalimu akaandika "a boil", na mbele yake "un furoncle". Akashika shingo yake, akakunja uso kama mtu anayeumia, darasa zima tukacheka. Jipu. Nikaandika, nikapiga mstari. Boil ni jipu, basi.

Nyumbani kwetu ni Wamaza, safari ya siku mbili kwa baisikeli kutoka Kasongo. Baba yangu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, mama akaolewa mbali, na mimi nikalelewa na Koko, yaani bibi yangu, mama yake baba. Jina lake Mwayuma. Viganja vya Koko vilikuwa na rangi ya mawese, havikutakata hata siku ya sikukuu. Alikuwa na sombe, yaani kisamvu, ambayo mpaka leo sijaipata kwa mtu mwingine: aliitwanga asubuhi, akaiacha motoni juu ya mafiga mpaka jua linapinda, na ukipita pale na kufunua sufuria kabla ya wakati, unasikia sauti yake kutoka nyuma ya nyumba: "Weye! Chakula haina miguu, haitakimbia!"

Mkubwa wa ukoo alikuwa baba mkubwa Ramazani, mwana wa kwanza wa Koko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa shamba, na mpunga hauvunwi kwa daftari. Likizo ile nilipofika tu, kabla hata sijanywa maji, alimwambia Koko mbele yangu:

"Mama, huyu mutoto mwanamuke anasoma miaka yote hii, na shamba iko inamezwa na majani. Mimi naona abaki."

"Acha amalize," Koko akasema.

"Amalize nini? Hata siku moja sijaona hiyo masomo imefanya kazi hapa nyumbani."

Koko aligeuka taratibu sana, mwili mzima pamoja, kama mtu aliyebeba mtungi. Ndipo nikaona. Chini ya bega la kulia kitenge kilikuwa kimeinuka. Alikuwa na jipu, kubwa kama yai la bata, na kwa siku nne alikuwa analala amekaa.

Siku ya pili yake binamu yangu Saidi akaingia kutoka Salamabila, alikokuwa anachimba dhahabu. Alileta chumvi, sabuni, na mfuko mmoja mdogo unaong'aa kama fedha, ambao mtu wa kule alikuwa ameupata kwenye kambi ya wageni waliokuja kupima mawe. Upande wa mbele ulikuwa umechunika, hauonyeshi kitu. Nyuma palikuwa na maandishi madogo. Ndani, ukiutikisa, unasikia unga.

"Ni Kiingereza," Saidi akasema. "Kule hakuna aliyejua kuisoma."

Baba mkubwa akauchukua, akaugeuza, akaninyooshea. Watu walikuwa wengi uani, kwa sababu mtu akitoka Salamabila majirani wote huja kusikia habari.

"Bon," akasema. "Leo tutaona. Somea sisi."

Nilisimama. Nakumbuka mfuko ulivyokuwa unarusha mwanga wa jua juu ya ukuta wa udongo. Nikasoma polepole, natafuta neno moja ninalolijua. Maneno mengi yalinipita. Kisha nikaliona: boil. Nikashuka mstari: boil tena! Na mbele yake, five minutes. Minutes ilikuwa Kifaransa kitupu, na five tulikuwa tumeisoma mwaka ule ule. Palikuwa na water, maji. Palikuwa na hot, moto. Nikatazama mgongo wa Koko, nikatazama mfuko, moyo ukanidunda kwa furaha ambayo sijaipata tena katika masomo yangu yote.

"Ni dawa," nikasema. "Dawa ya jipu. Unachanganya na maji, unaiweka ikiwa ya moto, dakika tano."

Uwanja wote ukaguna kwa mshangao. Mama mmoja jirani akapiga kigelegele. Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa, na midomo yake ikalainika kidogo.

"Aa," akasema. "Kumbe iko na faida."

Tuliikoroga dawa katika bakuli. Ilikuwa ya njano, nzito, na ilinukia. Nilidhani dawa za Wazungu ndivyo zinavyonukia. Koko akainama, nikampaka mimi mwenyewe kwa kitambaa, na mwili wake wote ukashtuka kama umeguswa na kaa la moto. Hakulia. Alishika mguu wa kigoda, akashika kwa nguvu.

"Inauma, Koko?"

"Dawa kali ndiyo dawa," akasema. "Endelea."

Nikampaka asubuhi na jioni. Siku ya pili jipu likapasuka na pembeni pakawa pekundu. Siku ya tatu Koko akapata homa, akawa anatetemeka chini ya vitenge viwili, na hakuweza kumeza hata uji. Sijui kama mnajua woga wa namna ile. Nilikuwa nakaa mlangoni na daftari langu mapajani, nasoma tena na tena: boil, furoncle, boil, furoncle. Neno halikuwa limebadilika.

Baba mkubwa akafanya tipoyi, kiti cha kubebea mgonjwa, kwa mianzi na kamba. Wanaume wanne wakamwinua Koko, baba mkubwa mwenyewe akiwa wa kwanza mbele, nami nikawafuata kwa miguu mpaka kwenye zahanati. Palikuwa na muuguzi mmoja, mzee wa kimya, ambaye watu wote walimwita dokta. Akalikamua jipu vizuri, akalisafisha, akampiga sindano. Kisha akaninyooshea mkono, maana nilikuwa nimeushikilia ule mfuko njia nzima.

Akausogeza karibu na macho. Akasoma. Akaunusa. Halafu akakaa kwenye benchi, mabega yakaanza kumtikisika.

"Nani alisoma hii?"

"Mimi, dokta."

"Mwanangu," akasema, akijifuta machozi, "mumemupaka mama supu ya kuku. Iko na chumvi, iko na pilipili, iko na kitunguu. Hapa inasema uichemshe dakika tano. Boil ni kuchemsha."

Nilitamani ardhi inimeze. Wale wabebaji walianza kucheka, wakaona uso wa baba mkubwa, wakaacha. Yeye hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi:

"Bon. Imeisha. Haendi tena Kasongo. Karibu aniulie mama."

Muuguzi, labda kwa kutaka kupunguza uzito wa lile jambo, akamwinamia Koko kitandani.

"Lakini Koko, weye mupishi wa miaka yote hii, haukusikia harufu ya kitunguu?"

Koko alikuwa amelala kifudifudi, shavu juu ya mkono. Akafungua jicho moja.

"Nilisikia," akasema. "Toka siku ya kwanza."

"Mama!" Baba mkubwa aliinuka. "Ulijua? Na ulinyamaza?"

"Mutoto alisimama mbele ya watu, anasoma. Siku ya kwanza mwanangu Ramazani anamusikiliza. Ningesema nini? Ningesema ni supu?" Akavuta pumzi. "Nilizania nitavumilia siku mbili, tatu, jipu litapona lenyewe, na jina litakuwa la mutoto. Kosa ni yangu. Mimi ndiye nilinyamaza. Kama unataka kumuondosha mutu kwenye masomo, niondoshe mimi."

Muuguzi akatoka nje, akajifanya anatafuta pamba. Baba mkubwa alikaa chini pale pale sakafuni, kichwa kati ya magoti. Likizo ilipokwisha, Koko akiwa tayari anatwanga tena, ni baba mkubwa mwenyewe aliyefunga mzigo wangu kwenye baisikeli yake. Alinipeleka Kasongo siku mbili, akisukuma baisikeli kwenye milima yote, na njiani hakuzungumzia supu hata mara moja. Tulipofika aliomba kuonana na mwalimu.

"Mwalimu," akamwambia, akiwa amevua kofia, "lile neno, muelezee yote. Lisibaki hata kipande."

Mwalimu Anzuruni aliposikia kisa chote hakunicheka. Aliingia darasani, akafuta ubao mzima na kuandika neno lile moja katikati. Akatwambia ni kosa lake, alitupatia mguu mmoja wa meza na kutuambia ni meza. Saa ile yote tulikuwa na boil. Maji yanachemka. Mama anachemsha yai. Mtu akikasirika, Waingereza nao husema anachemka, kama sisi tunavyosema damu inamchemka. Na jipu pia, neno lile lile, kwa nini, akasema, hajui, tukimpata Mwingereza tumuulize. Wenzangu wakanipa jina la Dokta Boil, na mpaka leo nikipita sokoni Kasongo kuna mama mmoja muuza samaki huniita hivyo mbele ya wateja.

Likizo iliyofuata Koko aliniambia: "Sasa mimi vilevile nifundishe hilo neno, maana nililipia na mgongo." Tulikaa jikoni, yeye akichochea kuni. Nilimfundisha kusema maji yanachemka. Ulimi wake ulilizungusha, ukalitupa, ukalirudia, na mwisho likatoka kwa namna yake: "Wota izi boilingi!" Alicheka mpaka kovu likamvuta, akashika bega. Tangu hapo, kila jioni maji ya bugali yakiwa tayari, alipiga ukelele huo, nasi watoto wa nyumba tatu tunakuja mbio, mmoja na unga, mwingine na mwiko, na baba mkubwa Ramazani naye anajivuta na kigoda chake akisema, "Mama ameita kwa Kizungu."

Koko alifariki nikiwa mwaka wa tano. Nilimaliza sekondari, nikawa mwalimu, na naandika haya nikiwa Kasongo, katika nyumba ya bati yenye watoto wangu watatu. Wao Kiingereza wanakijua kuliko nilivyokijua mimi kwa umri wao. Hawana mstari mwekundu, hawana orodha. Wakiona neno wasilolijua wanalielekezea simu, na simu inalisema, tena kwa sauti nzuri kuliko ya mwalimu Anzuruni. Hawakosei. Nikiwaambia hadithi ya supu wanacheka, kisha mkubwa wao anauliza, "Lakini Mama, kwa nini hamkuangalia tu kwenye simu?"

Juzi niliweka maji jikoni, nikatoka kwa jirani kidogo. Nikakawia. Niliporudi maji yalikuwa yamekauka na sufuria imekuwa nyekundu chini, na wote watatu walikuwa sebuleni, hatua nne kutoka pale, vichwa vimeinama. Hawakusikia. Nilipowagombeza, wa mwisho akaniambia kwa upole kabisa, bila utovu wa adabu: "Ungetutumia mesaji, Mama."

Nilicheka, nifanyeje? Watoto ni wazuri, wana akili, na wanajua maneno mengi. Ila mimi naijua nyumba ambamo hatukujua hata neno moja vizuri, lakini mtu akisimama kusoma mbele ya watu, palikuwa na mwingine wa kukubali kuungua mgongo ili yule anayesoma amalize.