Siku Siafu Walipomkuta Mzazi Ndani

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Vudee, kijiji cha milimani juu ya Same, hapakuwa na panya. Walikuwapo mashemeji. Bibi yangu mzaa baba, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika nyumba ile, alitukataza kabisa kulitaja jina lao halisi ndani ya kuta. Alisema mnyama yule ana masikio makali na kisasi kirefu: ukimsema vibaya anakusikia, na akikusikia anakukatia nguo yako nzuri. Kwa hiyo tulisema, "Mashemeji wamepita jikoni," au "Mashemeji wamekula sabuni," kwa heshima zote, utafikiri tunangoja waje kuposa.

Usicheke. Siku moja nilimtaja kwa hasira, na kesho yake nikakuta sweta langu la shule limetobolewa mfukoni. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilikuwa nimesikiwa. Leo nina jiko langu mwenyewe hapa Same mjini, na najua kwamba mfuko ule ulikuwa na punje za mahindi ya kuchoma nilizosahau. Lakini wakati ule nililia, nikamwomba shemeji msamaha nikiwa nimeelekea darini.

Mwaka huo mahindi yalikubali kuliko kawaida. Dari ya jikoni, ambako moshi wa makande ulikuwa ukiyakausha mahindi na kuyalinda, ilijaa mpaka fito zikapinda. Yaliyobaki Baba aliyatia kwenye magunia akayapanga chumbani kwa Mama, chini kwenye udongo, yakiegemea ukuta. Hakuna aliyeona ubaya. Mama alikuwa ametoka kujifungua mdogo wangu Namsifu, na Baba alisema kwa utani kwamba mtoto amezaliwa na ghala lake.

Hapo ndipo miiko ya Bibi ilipoingia. Mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, hakutakiwa kuvuka kizingiti mpaka siku ya kutolewa nje, ili jua na macho ya watu visiuguse utosi wa mtoto kabla haujakomaa. Dirisha lilibaki limefungwa. Tena, na huu ndio mwiko ninaoukumbuka zaidi, takataka za chumba cha mzazi hazikutupwa nje. Ukizitupa, Bibi alisema, umeitupa na bahati ya mtoto. Zilifagiliwa zikasukumwa pembeni, nyuma ya magunia, zingoje siku ya kutoka.

Mama alikuwa mtu wa Ugweno, milima mingine, na kwao hawakuwa na mwiko wa takataka. Lakini ukiolewa milima ya watu unafuata njia zao, naye akazisukuma pembeni.

Ningeingia chumba kile leo, ningejua kila kitu kabla sijakaa. Kulikuwa na unga mwembamba chini ya magunia, ambao ni kazi ya dumuzi akitoboa mahindi kutoka ndani. Kulikuwa na harufu fulani nzito, kama ya mafuta yaliyochacha, ambayo ni ya mende wakishakuwa wengi. Kwenye maungio ya kitanda kulikuwa na vidoadoa vyeusi, na mgongoni kwa Mama vipele vilivyofuatana kwa mstari, na hao ni kunguni, hawana siri. Na nyuma ya magunia, vinyesi vyeusi vya ukubwa wa punje ya mchele. Vyote hivyo tuliviona. Tuliviona na hatukuvitaja, na nadhani ugonjwa wetu ulikuwa huo, maana kitu usichokitaja hukitafuti, na usichokitafuta kinazaliana.

Asubuhi moja Mama aliita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Tulimkuta amemkumbatia Namsifu, na shuka lina damu. Kidole gumba cha mguu wa mtoto kilikuwa kimetafunwa kwenye ncha. Wahenga walisema panya huuma na kupuliza, na kweli, mtoto hakuwa amelia hata kidogo usiku ule. Baba alisimama mlangoni, uso umemshuka.

"Panya," alisema Mama, waziwazi, akimtazama mama mkwe wake. "Panya amemla mtoto wangu."

Bibi hakumkemea. Alikiosha kidole kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, akatoka akakaa jikoni peke yake. Nilijua anaogopa kwa sababu hakunituma kitu chochote siku nzima.

Hatukupata muda wa kuamua la kufanya. Siku iliyofuata ilikuwa siku ya msaragambo wa kuzibua mfereji, kijiji chote kikiwa mlimani na majembe, isipokuwa sisi wa nyumba yenye mzazi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na wingu lilikuwa bado limetufunika. Kuku ndio walioanza kelele. Nilitoka nikaona mstari mweusi, mnene kama kamba ya ng'ombe, ukitoka kwenye migomba, ukivuka uwanja, ukipanda ukuta wa nyumba yetu. Siafu.

Kwa Bibi, siafu hawakuwa wadudu. Walikuwa wageni, wametumwa na waliotutangulia kuja kuangalia tunavyoishi. Wakifika, watu wanatoka, mlango unaachwa wazi, wanapewa nyumba mpaka waridhike. Anayewachoma amewafukuza wakubwa wake, na nyumba yake haitatulia tena. Bibi alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele, na sikumwona hata siku moja akihangaika kuyapatanisha mambo hayo mawili.

Baba alikuja mbio na chupa ya mafuta ya taa na kiberiti.

"Weka chini," Bibi alimwambia. "Hao hawakuja kwako."

"Mama, mtoto yumo ndani!"

"Najua aliko mtoto. Weka chini."

Ndani, Mama alipaza sauti: "Wameshafika mlangoni! Wako kwenye magunia!" Namsifu akaanza kulia. Kila mtu wa milimani anajua siafu wanachoweza kumfanya mtoto mchanga asiyeweza kujigeuza. Nikamtazama Bibi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona hajui la kufanya. Wageni lazima waachiwe nyumba, na mzazi lazima asitoke. Miiko yote miwili ilikuwa yake, na aliiamini yote.

Wakati huo wanawake walikuwa wanateremka kutoka mferejini, kanga zimelowa matope. Bibi akawapigia yowe. Wakaja wanakimbia, Mama Elineema wa nyumba ya jirani akiwa mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba, vueni kanga!"

Walishangaa, lakini walizivua zile za juu. Bibi akawapanga mlangoni, wawili kila upande, kanga zimeshikwa wima kama kuta. Kisha akaingia ndani mwenyewe, peku, siafu wakimpanda miguuni, akawafunika Mama na mtoto kwa blanketi, akamshika Mama mkono.

"Hatoki nje," alitangaza, labda kwetu, labda kwa wakubwa wake. "Nyumba inamhamisha."

Nyumba ile ya kanga ikaanza kutembea, taratibu, katikati ya shamba la tangawizi. Mama Elineema alikuwa ameng'atwa pajani na hakuweza kujikuna kwa sababu mikono ilikuwa imeshika ukuta. Akawa anarukaruka na kuguna, na ukuta mzima unarukaruka naye, mpaka wenzake wakashindwa kuzuia kicheko. Kutoka ndani ya kanga nilimsikia Mama naye anacheka, huku analia. Nilifurahi kupita kiasi, sijui kwa nini.

Tulilala kwa Mama Elineema. Nyumba yake ilikuwa ya udongo kama yetu, lakini magunia yake yalikaa juu ya kichanja, mbali na ukuta, na mahindi yake hayakuingia guniani mpaka punje ikauke na kulia ikitafunwa. Matundu ya ukutani yalikuwa yamezibwa kwa udongo na vipande vya chupa. Bibi alivitazama vitu hivyo kama mtu anayesikiliza mahubiri yanayomhusu.

Tuliporudi kesho yake, siafu walikuwa wamekwenda zao. Nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo sikuwahi kuijua. Darini hakuna aliyekimbia. Sakafuni kulikuwa na mabawa ya mende na vipande vya mifupa midogo ya panya. Tulisimama mlangoni, hakuna anayethubutu kuanza. Bibi akachukua ufagio, akaingia chumbani kwa Mama, akavuta magunia, akafagia takataka zote, akazipitisha kizingitini, akazitupa shambani mchana kweupe.

"Bibi, na bahati ya mtoto je?" nikauliza.

"Bahati ya mtoto iko mgongoni kwa mama yake. Wageni wameanza kazi, na hawaji kila mwezi. Lete maji ya moto."

Tulifanya kazi wiki ile kama watu wanaohamia upya. Maji yanayochemka yalimwagwa kwenye maungio ya vitanda, na magodoro yakaanikwa juani yakigeuzwa. Baba alijenga kichanja, akakata bati chakavu akalivika kila mguu wake kama kola, ili apandaye ateleze. Mahindi yalirudishwa juani, yakachekechwa. Dirisha la Mama lilifunguliwa kila asubuhi, na tangu hapo tulimwita panya kwa jina lake, kila tulipoona dalili zake.

Namsifu sasa ni mtu mzima, anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu, na mwaka huu amejifungua. Nilipokwenda kumwona, kabla sijambeba mtoto niliinama chini ya kitanda, nikafungua kabati, nikanusa. Alinicheka sana. Chumba kilikuwa safi, dirisha wazi, unga kwenye ndoo yenye mfuniko.

Nilirudi nyumbani nikimkumbuka Bibi. Kabla hajafariki nilimuuliza siku ile alijuaje kwamba wakubwa wake wangekubali ukuta wa kanga.

"Sikujua," alisema. "Niliogopa, Nakunda. Lakini mtoto alikuwa analia."

Siku hizi nasikia watu wakibishana kama wazee wetu walikuwa na maarifa au ushirikina mtupu, na mimi huwa sichangii. Ninachokijua ni kwamba mwanamke mmoja aliiamini miiko yake mpaka akaiogopa, na mtoto alipolia, aliingia ndani akamtoa.