Fomu Yangu Kule Shika Adabu

Mimi mdomo wangu haujawahi kunisaidia. Mwaka juzi nilipewa fomu za utafiti, nizunguke Likoni nikiwauliza wasichana waliozaa wakiwa bado shuleni: ilikuwaje, na baada ya hapo maisha yakawaje. Kazi rahisi, nikajiambia. Mjinga mimi!

Mtaa wa Shika Adabu, huko huko Likoni, nilipiga hodi nyumba moja, mama mwenye nyumba akanikaribisha mkekani na chai ya tangawizi. Bintiye alikuwa akipiga pasi sare. Jumatatu angerudi kidato cha pili, baada ya kukaa nyumbani tangu ajifungue. Mwanawe, wa miaka miwili na ushei, alikuwa akicheza na kifuniko cha sufuria.

Nyumba ile ilikuwa na mpango wake. Mtoto alimwita nyanyake "mama", na mamake mzazi "dada".

"Tumemzoesha hivyo, mwanangu," yule mama akaninong'oneza. "Dada akienda shule, hatalia."

Wallahi nilielewa. Nikaitikia kwa kichwa kabisa. Lakini nilipofika kwenye maswali ya binti mwenyewe, ulimi ukatangulia akili. Nikamwambia mtoto, "Hebu kamwite mama yako." Akamkimbilia nyanyake. Nami, kiherehere, nikamwonyesha kwa kidole: "Siye huyo! Mamako ni yule pale."

Pasi ikasimama. Mtoto akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Mama?" akajaribu.

Binti akamkumbatia akalia. Kilio cha furaha au cha hasira? Mpaka leo sijui. Nyanya mtu alisema tu kwamba chai yangu inapoa.

Wiki mbili baadaye nilirudi kumalizia maswali. Sare ilikuwa imetundikwa ukutani, mikunjo ya pasi vile vile.

"Jumatatu alitoka," yule mama akaniambia, "mtoto akamfuata hadi barabarani, mama, mama, kwa mayowe. Akarudi naye. Hajatoka tena."

Nikamwomba binti radhi, machozi yananilenga.

"Usilie, dada," akanijibu, mtoto kamlalia mapajani. "Kabla ya siku ile hakuwahi kuniita mama."

Sasa hapo nifanyeje? Ananishukuru au ananilaumu? Nikainamia fomu. Sababu ya kutorudi shuleni: karo, ndoa, maradhi, aibu. Nikavisoma visanduku vyote mara mbili. Chini palikuwa na mstari mtupu, "nyingineyo".

Nikaandika jina langu.