Nilizifunga Zote kwa Mpigo Mmoja, Nikasingizia Umeme

Mimi nimewahi kufuta ukoo mzima wa watu kwa kidole kimoja.

Msinicheke. Hii habari nimekaa nayo tangu mwaka 1999, na hata mke wangu hajawahi kuisikia.

Wakati huo nilikuwa nachapa kazi za watu kwenye duka moja pale Kikuyu, Dodoma. Kompyuta zilikuwa mbili tu mtaa mzima, kwa hiyo mimi Shaibu nilijiona mtaalamu kwelikweli.

Bosi, mama Salwa, alikuwa na sheria moja. Kazi ya mteja haihifadhiwi kwenye mashine yake, maana imejaa. Kila mtu aje na disketi yake. Kama huna, kazi inaachwa wazi kwenye skrini mpaka uilete.

Asubuhi moja akaingia mzee wa Chemba, Methodi, amemshika mkono mama yake. Walikuja mjini kwa matibabu, na bibi mwenyewe alikuwa anahema kwa shida.

Nikawaamkia. Bibi akaitikia kwa kichwa.

"Kijana, mama hajui kusoma," Methodi akasema. "Lakini ukoo wetu wote anao kichwani. Nani kamzaa nani, nani kazikwa wapi. Nataka uandikwe angali anaweza kusema."

Basi bibi anasema kwa lugha yao, ile ya kugongagonga ulimi mdomoni, Methodi anatafsiri, mimi nachapa. Bibi akichoka, tunamsubiri. Saa mbili nzima, kurasa sita.

Methodi akatoka kwenda kununua disketi. Bibi akabaki kwenye benchi, kafumba macho.

Hapo ndipo akaingia Stumai.

Huyu binti nilikuwa namfukuzia miezi mitatu. Alitaka barua ya kuomba kazi, na mashine ilikuwa nzito, programu tisa ziko wazi.

Rafiki yangu Rahimu alikuwa amenipa kijiprogramu cha kufunga kila kitu kwa mpigo, bila kuuliza hifadhi wala nini.

"Stumai, ngoja nikuonyeshe kitu," nikasema.

Nikabofya. Zote tisa, kwisha.

"Wewe umejulia wapi hayo?" akacheka. Na mimi nikacheka, kichwa kimevimba.

Halafu nikakumbuka kurasa sita.

Wallahi, nikazitafuta kila mahali, hazipo. Nikazima skrini haraka.

Methodi akarudi, disketi mkononi. Mdomo wangu ukajisemea wenyewe.

"Mzee, pole sana. Umeme umekatika, kazi yote imepotea. Na sijui utarudi saa ngapi."

Bibi akafumbua macho, akasema kitu kwa lugha yao. Methodi akamjibu taratibu.

"Haya, kijana," akaniambia. "Umeme si wako. Tutarudi kesho."

Kesho yake hawakuja. Wiki ikapita. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Miaka saba baadaye nikamkuta Methodi kwenye karakana moja Kizota, anasubiri kuchomelewa jembe la ng'ombe. Nikasalimia, nikauliza hali ya mama.

"Mama alifariki kesho yake, ile ile tuliyokuambia tutarudi."

Nikashindwa kuvumilia. "Mzee, siku ile umeme haukukatika."

"Najua," akasema. "Mama aliniambia palepale. Alisema feni inazunguka juu ya kichwa chake muda wote, na wewe unacheka na binti."

Nilitamani ardhi inimeze palepale karakana.

"Sasa kwa nini hukunisema?"

"Mama alikataa. Alisema tukikuaibisha, kesho utachapa kwa woga, utakosea majina."

Nikamwomba aje ofisini kwangu, tuandike anayoyakumbuka yeye. Akaja. Tulipata nusu ukurasa. Alipofika kwa babu wa tatu akakwama, akakuna kichwa, akasema basi, imetosha.

Ndugu yangu unayesoma hapa, ukiharibu kazi ya mtu, mwambie saa hiyohiyo. Atakutukana, atakufokea, mwache akufokee. Uongo wangu mimi haukuficha aibu hata nukta moja.

Tena kinachoniuma si kubofya. Kubofya ni ujinga wa ujana, mtu anaweza kusamehewa.

Kinachoniuma ni kwamba bibi alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, yuko hai, na majina yote anayo. Ningesema kweli, tungeanza upya mchana uleule.

Lakini nilishasema hakuna umeme.