Nilimjibia mke wangu maswali ya chuo kikuu, nikatozwa dume jeusi

Wakuu, habari za huko mliko. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjaandika, msimalize bando.

Hiki ninachoandika kimetokea nyumbani kwangu Endasak, na wanawake wote wa huku wanakijua. Hata nikitaka kuongopa sina pa kupitia.

Shule niliishia la nne. Nilianza maisha na jembe moja tu. Leo nina mahindi, maharage, ng'ombe, na mashine ya kusaga ambayo mngurumo wake unasikika mpaka barabarani. Sikupewa na mtu.

Hilo jembe likumbukeni, tutalirudia.

Binti yangu Paskalina alikuwa chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Kanisani nilikuwa natangaza kwamba anasomea sheria. Siku moja nikamuuliza vizuri, hivi kozi yako inaitwaje?

"Baba, nasoma mambo ya wanawake na jinsia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikauliza hiyo iko idara gani. Akasema iko kila idara. Kwenye sheria wanauliza nani anarithi shamba. Kwenye kilimo wanauliza nani analima na nani anauza. Kwenye historia wanauliza mbona vitabu vimejaa wababa watupu. Kwenye afya wanauliza nani anaamua mama aende hospitali lini, na mambo mengine ya chumbani ambayo mimi siwezi kuyaandika humu, ila yeye aliyataja mbele yangu bila kupepesa macho.

Nikamwambia nimekaa na mwanamke zaidi ya miaka thelathini, hiyo digrii ninayo tayari. Waniletee joho tu.

Sasa alikuja nyumbani kufanya utafiti wake wa mwisho. Bila huo hamalizi. Nikampa sharti: nionyeshe jambo moja kuhusu wanawake wa hapa ambalo mimi silijui. Ukishindwa, chuo basi, utarudi kusimamia mashine.

Akaitikia kwa kichwa. Niliona machozi yanamlenga. Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Akaanza na mama yake, na mimi nikavuta kiti. Kwangu mgeni akiuliza, anayejibu ni mwenye nyumba.

"Mama, unaamka saa ngapi?"

Nikajibu, saa kumi na mbili.

"Mama, shamba la maharage nani aliamua lilimwe?"

Mimi.

"Mama, unapumzika saa ngapi?"

Nikasema anapumzika sana tu.

Mama Paskalina alikuwa anachambua maharage. Wakaja majirani wawili, nao nikawajibia. Fomu zikajaa siku moja! Binti akaziangalia kama mtu aliyeagiza unga akaletewa pumba.

Siku ya tatu akahamia nyumba ya mke wa mwanangu, ambaye alikuwa amejifungua, hata wiki mbili bado. Wanawake walijaa humo na uji wao. Nikasikia vicheko, na jina langu ndani yake.

Wewe ungekaa nje? Mimi niliingia. Na fimbo mkononi.

"Leteni hizo karatasi, nijibu mwenyewe!"

Mzazi akashtuka, mtoto akalia.

Mimi ni Mwiraqw, ila mke wangu ni Mbarabaig wa Balangdalalu, na mke wa mwanangu tulimtoa huko huko. Kwa watu wao, mwanaume haingii na fimbo nyumba ya mwanamke aliyejifungua, hata kama ameijenga yeye. Nililijua hilo. Kiburi kilinisahaulisha.

Kesho yake wanawake wakakaa baraza lao kwenye mteremko, juu ya shamba langu. Wanaume hatusogei huko. Mkubwa wao alikuwa shangazi wa mke wangu. Ujumbe ukaja: nilete dume jeusi la ng'ombe, faini ya kuingia na fimbo.

Nikajibu mimi ni Mkristo, mabaraza ya namna hiyo siyatambui.

Wakasema sawa. Hawakubishana hata kidogo.

Siku hiyo nikawasha mashine. Ikanguruma mpaka saa sita. Hakuja mtu. Wakuu, miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza wateja wangu ni akina nani! Niliwaona wanapita na mahindi kichwani, wanashuka kusaga kijiji cha pili, na mke wa katekista yumo. Kila mmoja akinifikia anapunguza mwendo.

"Shikamoo baba."

Heri wangenitukana.

Baada ya siku mbili nikapeleka dume. Nikasimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa.

Shangazi akasema, "Mkwe, dume tumelipokea. Ila kosa lako lina mkia. Wewe uliwajibia wanawake. Leo kaa hapo, binti yako akuulize, na mkeo akujibie."

Paskalina akatoa fomu.

"Baba, unaamka saa ngapi?"

Mke wangu akajibu, "Naamka chai ikishaiva."

Walicheka hao!

"Baba, mali hii nani aliianzisha?"

Mke wangu akaifanya sauti nzito kama yangu, akajipiga kifua. "Mimi! Peke yangu! Nilianza na jembe moja!"

Wakaangukiana. Paskalina peke yake hakucheka.

"Baba, hilo jembe ulilitoa wapi?"

Hapo mke wangu akaacha kuigiza sauti yangu. Akasema taratibu, kwa sauti yake mwenyewe ila bado kwa niaba yangu, "Alikuja nalo mke wangu tulipooana. Mwaka ule niliugua msimu mzima. Shamba la kwanza alililima yeye, mimi nikiwa kitandani."

Nikafungua mdomo nimkatize. Shangazi akanyoosha kidole. Nikafunga. Ilikuwa kweli tupu.

Tukiwa tunashuka nikamwambia binti, umeshinda, umenionyesha nisilolijua.

Akasema, "Hapana baba. Hilo ulikuwa unalijua."

Chuo amemaliza. Kitabu chake cha utafiti alinipa, nikatafuta jina langu ukurasa kwa ukurasa. Nimeandikwa "Mshiriki namba tisa, mwanaume, mkulima." Eti ni kunilinda. Dume zima nimetoa, nimeambulia namba! Mama yake ana kurasa tatu.

Sasa kanisani natangaza kozi kwa jina lake halisi, na anayecheka namkazia macho.

Nilichojifunza ni kifupi: swali likiulizwa kwa mwenzako, tafuna ulimi wako.

Karibuni mchangie. Wenye wake, msiandike kwa niaba yao. Wapeni simu.

Mimi wangu nimemsomea uzi huu wote kabla ya kutuma. Amesikiliza mpaka mwisho, kasema kuna kosa moja la kwenye fomu yake halijarekebishwa.

Anaamka saa kumi.