Mkono wa Bi Saumu

Usiku ule nilikoroma mpaka bati la jirani likang'oka misumari. Chande alinikuta humo humo ndani ya mkoromo.

Chande hamkumjua. Rafiki yangu, mchoraji wa katuni, nilimbeba mwenyewe kwenda kumzika. Karatasi zake zilikuwa kubwa, mtu angejifunika akalala. Bintiye, Rehema, akaniletea zile za hadithi yake ya mwisho: "Baba mdogo, zitengeneze watu wasome kwenye simu. Ndizo hizo tu, hakuna nakala."

Mimi shule niliipita kwa nje, lakini mikono ninayo. Nikaweka simu juu ya kila kisanduku cha picha, nikaizungushia penseli, nikakata kwa mkasi. Iliyoenea kwenye simu, imeenea. Iliyobaki pembeni nikatia kwenye mfuko, nikampa mke wangu awashie jiko. Karatasi moja tu ikabaki, ya kisimani. Nikaichora penseli, nikasema nitaikata asubuhi.

Sasa ndotoni ni mchana, jua kali. Chande amekaa kwenye kiti chake anachonga penseli. Nafurahi, namzunguka nimkumbatie. Upande wa kushoto hana! Hana bega, hana sikio. Amekatika wima, kama kipande cha sabuni ya mche.

"Chande, huko wanawala nusu nusu?"

Hakucheka. Yule mtu aliyekuwa anacheka hata msibani!

"Njoo," akasema.

Nikainua mguu sakafuni, ukatua kwenye karatasi. Tuko kisimani, kile kile cha hadithi. Bi Saumu wa hadithi ameinama ukingoni, anavuta kamba, na chini mtoto analia. Kamba inatoka kisanduku cha juu, inapita cha pili, cha tatu, inazama gizani. Anavuta kwa mkono mmoja. Wa pili umeishia begani, pale pale mkasi wangu ulipompitia juzi kwenye karatasi nyingine.

"Fundi," anasema bila kugeuka, "nipe mkono wangu. Nachoka."

Najitazama: mkasi ninao. Nautupa, haubanduki. Unajifungua wenyewe, unaifuata ile alama yangu ya penseli, na alama imepita katikati ya kamba. Uzi mmoja, tak! Mtoto ameshuka. Wa pili, tak!

"Chande, simu ni ndogo! Nifanyeje?"

"Ndogo kwa upana. Kwa urefu haina mwisho." Anaongea polepole, na mimi nakufa. "Piga picha karatasi nzima. Kisanduku kikae chini ya kisanduku, kamba ishuke. Anayesoma ashuke nayo kwa kidole."

Nikaigusa kamba kwa kidole gumba. Ikashuka. Kisanduku, peupe, kisanduku, peupe, roho iko mkononi, mpaka nikauona utosi wa mtoto. Mkasi ukaanguka. Lakini Bi Saumu anateleza, mkono mmoja hautoshi.

"Mkono wake uko wapi?" Chande ananiuliza.

"Nimempa mke wangu."

"Wa nini?"

"Wa kuwashia jiko."

Akanitazama kwa lile jicho lake moja. "Kwenu kumekucha. Basi amka."

Nikaamka. Kidole gumba kinakwaruza mto, na kitandani niko peke yangu. Nje nasikia harufu ya mafuta ya taa. Jamani, nilitoka na mlango! Kuku wawili mpaka leo hawatagi. Mama Tatu, mke wangu, amechuchumaa mbele ya jiko, mfuko kaumwaga wote juu ya mkaa, kijiti cha kibiriti kinawaka.

"Usiwashe! Kuna mtu humo!"

Kijiti kikamchoma, akakitupa mchangani. "Umerogwa wewe? Mtu gani?"

Nimepiga magoti nachambua: miguu, pindo la kanga, nusu mbuzi. Chini kabisa, mkono wa Bi Saumu. Umelowa mafuta, vidole vyote vitano vipo.

"Na chai nitaipikia nini?" Mama Tatu anauliza.

Nikampigia Rehema pale pale, vumbi magotini.

"Mwanangu, baba yako kaja. Anasema kamba isikatwe, ishushwe."

Nikamsikia anavuta kamasi. "Kasema na nini kingine, baba mdogo?"

Nikawatazama wale mbuzi nusu nusu.

"Njoo na gundi, mwanangu. Nyingi."