Mguu Ulioshika Vibaya

Mimi hufumua. Nikishona gauni na mshono ukapinda kidogo, hata mahali ambapo hakuna atakayeuona, nafumua nishone upya. Ushonaji nilijifundisha kwa video za simu, na labda ndiyo maana siiamini mikono yangu. Wateja wangu hapa Uthiru hunitania: "Fundi, hii nguo ni ya Krismasi gani?"

Kwa hivyo mguu wa mtoto wa kaka yangu ulininyima raha. Alianguka kwenye ngazi za ploti wanakopanga nyumba, Mutuini, na mama yangu, anayeishi nao, akamkanda. Kwetu magharibi mama anajulikana kwa kazi hiyo: mafuta ya moto, kuvuta, kisha kufunga kwa vipande vya katoni na leso. Wengi wamepona mikononi mwake. Mtoto naye aliacha kulia, akatembea. Lakini mfupa ulishika ukiwa umepinda chini ya goti, akawa anakanyagia ubavu wa wayo. Shuleni wakambandika jina la Kona.

"Senje," aliniambia, maana mimi ni shangazi yake, "mimi huzungusha kamba tu. Wenye kuruka ni wengine."

Tukampeleka kwa daktari wa mifupa mjini. Alituonyesha picha ya eksirei na kusema wataukata mfupa palepale ulipopinda, waunyooshe, waushikilie kwa chuma. Ukiachwa hivyo, goti litaharibika akikua. Nilimuuliza maswali mengi, mengine nikayarudia.

"Unataka kuja kunisaidia kupasua?" akaniuliza.

Niliona haya, kisha nikauliza tena.

Mama alikataa kabisa. "Mfupa umeshika, halafu mnaenda kuuvunja? Mmerogwa?" Kaka naye akasema hatatia sahihi mpaka mama akubali.

Nilienda Mutuini nikiwa nimejipangia hotuba nzima, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nilimkuta mama anachambua kunde, mtoto kando yake, na hotuba yote ikapotea. Nilitamani kumwambia kwamba hakukosea. Haikuwa kweli, na angejua.

"Mama, mikono yako haikuona ndani," nikasema. "Hata yangu haingeona. Mimi nikikosea nguo, naifumua."

"Mtoto si nguo."

"Najua. Ndiyo maana silali."

Akaacha kunde. "Kumbe na wewe unaogopa?"

"Kuliko wewe."

"Wewe!" Akacheka. "Wewe umeogopa hata kuku tangu uzaliwe."

Kisha akautazama ule mguu kwa muda mrefu, akaupapasa pale ulipopinda, taratibu, kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Kukhu," mtoto akamwita bibi yake, "wakiuvunja, utakuja?"

Mama alijifuta mikono kwa leso, akaomba simu yangu, akamwambia kaka aende akatie sahihi.

Siku ya upasuaji nilizunguka ukumbi wa hospitali hadi mlinzi akaniomba nikae, nisiwatie watu wasiwasi. Mama alikaa wima, mikono mapajani. Daktari alipotoka alitutazama sisi sote, lakini alizungumza na mama. "Umenyooka vizuri," akamwambia. "Sasa tuuache ushike."

Wodini mtoto alikuwa amelala, plasta imefika pajani, vidole vitano vimechomoza vikielekea juu kwenye dari. Sikuwahi kuviona vikielekea huko tangu aanguke. Mama alinyoosha mkono, akaurudisha upesi.

"Naweza kumgusa?" akamuuliza nesi.

"Vidole, shosho. Uwe unavishika kila mara. Vikiwa baridi, au akikosa kukusikia ukimgusa, niite haraka."

Mama akavuta kiti. Alivishika kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo. Mtoto akafumbua macho nusu.

"Kukhu, usivute."

"Sivuti, mjukuu wangu," akasema. "Nimeshika tu."