Kitambaa Juu ya Redio

Mimi ni mtu wa kinyaa. Sijui kama nilizaliwa hivyo au nilijifunza pale mtaani Ziwani, Nairobi, ambako nyumba nane zilitumia mfereji mmoja na choo kimoja, na kila asubuhi ulikuta humo kazi ya mtu ambaye hakujisumbua kumwaga maji. Miaka ile ya tisini taka nazo zilikuwa zimeacha kuzolewa. Zilirundikana penye kona, zikatoa maji meusi, maji yakatambaa hadi milangoni. Mimi niliruka, nikatema mate, nikaruka tena. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza kozi ya kupiga taipu, sina kazi, na nilijiona niko pale kwa makosa tu.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na kijichumba cha ndani, lakini ungeweza kula sakafuni. Mama alikuwa mjane, aliuza shuka za mitumba katika soko la Gikomba, na jioni alifuma. Kila kitu kwetu kilivaa kitambaa: viti, meza, kabati, birika la chai. Redio ndiyo iliyovaa kuliko vyote. Ilishonewa gauni lake jeupe lenye maua mekundu, linaloifunika mbele na nyuma, limeachwa wazi penye vifungo tu. Mama alisema redio isiyo na kitambaa ni kama mtu aliyetoka bafuni uchi. Ilikaa juu ya kabati, karibu na jiko la mafuta, mahali pa heshima, kwa sababu ilikuwa ya marehemu baba.

Kila siku saa kumi alasiri idhaa ya taifa ilisoma matangazo ya vifo kwa lugha ya kwetu, sisi watu wa magharibi. Msomaji alitaja marehemu, kijiji chake, siku ya mazishi, kisha wote wanaopaswa kupata habari: mtoto fulani aliye Nairobi, mkwe fulani aliye Nakuru. Wenye simu nyumbani walikuwa wa kuhesabika, na barua ilichukua wiki ikiwa na bahati. Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, alikuwa amelala kitandani tangu mvua zianze. Mama alikwenda kumwona, akamlisha uji kwa kijiko, kisha ikabidi arudi kwenye biashara. Mjomba alimsindikiza hadi kituo cha basi, akamwambia, "Mambo yakiharibika nitapeleka tangazo. Wewe sikiliza tu."

Basi akawa anasikiliza. Kila siku alifunga mizigo yake mapema, wenzake wakiendelea kuuza, akaja mbio ili saa kumi imkute kwenye kiti, viatu vikiwa bado miguuni.

Jumapili moja redio ikaanza kukohoa. Jumatatu ikawa inakwaruza, sauti inakuja, inazama, inakuja tena katikati ya jina la mtu. Mama alinitazama. Mimi ndiye niliyesoma.

Nilianza na betri. Nilizing'ata, nikazianika dirishani, kisha nikanunua mpya. Hakuna. Nikaichomeka kwenye umeme, ikanguruma zaidi. Nikazima taa, nikafikiri pengine ni mafundi wa kuchomelea vyuma ng'ambo ya barabara wanaotuvuruga, nikangoja waende kula. Hakuna. Niliipiga kofi, kwanza pole pole, halafu kwa hasira ya kweli. Niliihamisha kutoka kabatini hadi mezani, mezani hadi dirishani, dirishani hadi kwenye stuli mlangoni, kama mgonjwa anayetafutiwa hewa, na kila mahali mama alinifuata na kitambaa chake na kuifunika tena. Niligundua kitu kimoja tu: mtu akishika antena kwa vidole, sauti inapanda. Akiachilia, inazama. Kwa hiyo mama akawa anakula kwa mkono mmoja, wa pili umeshika antena, tonge likipita juu ya redio kwenda mdomoni.

Na bado harufu. Redio ikipata moto ilitoa harufu fulani ya mafuta yaliyolala, tamu na nzito, ya kukaba koo. Nilijua inatoka wapi. Ilitoka kwa jirani.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa makamo, mtu wa kwetu, lugha moja. Aliuza omena, wale dagaa wadogo. Kila siku aliwaosha pale kwenye mfereji wetu sote, magamba yakabaki kwenye saruji yaking'aa, nzi wakashuka, paka wakaja. Mikono yake ilinuka, kanga yake ilinuka, hata salamu zake, niliona mimi, zilinuka. Nilikuwa nikichota maji huku nimeshikilia pumzi. Mama aliniambia, "Huyo ni mtu wetu, msalimie vizuri." Nilimsalimia nikitazama pembeni.

Sasa, waya wa antena yetu ulitoka dirishani ukafungwa kwenye kamba ya kuanika nguo. Jumanne niliufuata kwa macho, nikaona waya mwingine umefungwa palepale, unakwenda dirishani kwa jirani. Redio yake ilikuwa inasema wazi kabisa; niliisikia kupitia ukutani. Nikakata shauri palepale: anatunyonya mawimbi. Yaani hakutosheka na kutuchafulia mfereji! Niliingia ndani nikatoka na kisu cha jikoni, nikaukata waya wake, nikamtupia mlangoni.

Alitoka na maji ya samaki yakimchuruzika viwikoni.

"Msichana wangu, kwani kuna nini? Si ungeniambia tu niutoe?"

"Mimi si msichana wako," nikamjibu. "Na usiweke mguu wako kwetu tena. Nyumba yetu ni safi."

Majirani wawili walisikia. Mmoja akaguna. Yule mama aliokota waya wake, akaukunja polepole, akaingia ndani. Baada ya saa moja alikuwa ameufunga kwenye bati la paa upande wake, na redio yake inaongea vizuri kuliko mwanzo. Yetu iliendelea kukwaruza. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilizidi kukasirika.

Jioni ile mama alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba, "Ningeenda kusikilizia kwake hizo dakika kumi tu."

"Utakalia vile viti vyake, mama? Viti vyenye magamba?"

Hakwenda. Alinitii mimi, binti yake, kwa sababu nilikuwa nimesoma na alijivunia hilo. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu leo kuliko yote niliyoyaona Ziwani.

Jumatano, kama saa kumi na robo, mlango uligongwa. Mama alikuwa kijichumbani, sikio limebanwa kwenye redio iliyokuwa ikitoa mlio wa mafuta yanayokaangwa. Nilifungua mlango nusu. Alikuwa jirani. Amenawa mikono, niliona, na amebadilisha kanga.

"Niitie mama," alisema. "Nataka nikae naye kidogo. Ni maneno ya nyumbani."

Nilidhani amekuja kushtaki. Nilidhani ameleta kesi ya waya.

"Maneno ya nyumbani kwenu yabaki kwenu," nikamwambia, na harufu ikanifikia hata kwenye kanga safi, nikaziba pua. Mbele yake. Niliziba pua kwa vidole viwili.

Alinitazama. Hakupaza sauti. Kwetu habari ya namna hiyo hairushwi mlangoni. Mwenyewe huketishwa kwanza, akashikwa mkono. Akageuka akaenda zake, nami nikafunga.

"Nani huyo?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Ni yule wa samaki."

Alhamisi nilichukua redio, na gauni lake, nikaipeleka kwa fundi pembeni mwa Gikomba, karibu na maseremala. Mtu haachi redio kwa fundi akaondoka. Ukifanya hivyo utarudishiwa kasha lile lile na matumbo ya redio nyingine. Unaketi, unakodoa macho. Niliketi kwenye kreti la soda mchana mzima nikingoja zamu yangu, na ilipofika ilikuwa karibu saa kumi.

"Sasa siste. Nini mbaya?" fundi akauliza.

"Inakwaruza. Betri ni mpya, antena ni nzima, kuna jirani alikuwa anatuvutia mawimbi nikamkatia waya."

"Mawimbi hayavutwi hivyo," alisema bila kuinua kichwa. "Uliichapa?"

"Kidogo."

"Wote husema kidogo."

Alivua kitambaa, akakiweka kando kwa heshima. Akafungua skrubu nne kwa bisibisi, akainua kifuniko cha nyuma.

Walimwagika. Sijui neno jingine. Mende wadogo wa kahawia, wakubwa wenye mabawa, weupe waliotoka kujichuna ngozi, walimwagika juu ya meza, wakaingia kwenye makopo ya misumari, wakapanda mkono wa fundi, mmoja akanipanda mimi hadi ndani ya mkono wa blauzi. Nilipiga ukelele. Ndani ya redio ya baba kulikuwa kumejaa vinyesi vyeusi kama majani ya chai, na mayai, vijifuko vya kahawia vilivyopangwa safu kwa safu, na maiti zilizokauka zikishikana na walio hai. Ile harufu ikapanda yote kwa pamoja, tamu, nzito. Ilikuwa yetu. Ilikuwa yetu tangu mwanzo.

"Kumbe kwenu mnafuga!" mwanamke mmoja muuza viatu alisema, na meza zote zikacheka.

Fundi hakucheka. Alinionyesha pale waya wa antena ulipounganishwa ndani, umelika kwa mavi yao hadi ukabaki uzi. "Cheki hapa. Ndio maana mkishika inashika. Mnaweka jiko karibu, si ndio?"

"Ndio."

"Na mnafunika na hii kitambaa siku mzima."

"Ndio."

"Mimi huona hii kitu sana kwa watu wasafi. Umempea giza, umempea joto. Mende aende wapi tena?"

Nilikumbuka tonge la mama likipita juu ya redio. Nilikumbuka punje nyeusi nilizokuwa nikizitoa kwenye mchele nikimtukana mwenye duka. Nikainama kando ya kreti nikatapika.

Alisugua kwa mswaki na petroli, akaunganisha waya upya kwa chuma chake cha moto. Meza ya pili redio ya mteja ilikuwa ikipiga muziki wa Kongo. Ilikuwa saa kumi. Ningeweza kuomba wahamishe idhaa kwa dakika chache, wangekubali. Sikuomba. Nilikuwa nikilinda vipuri.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama kwenye kiti, amepitisha saa kumi bila redio, nikamwambia ni waya ulikatika. Kitambaa nilisema kimechafuka na petroli. Kwa kweli nilikitupa kwenye lundo la kona. Usiku ule nilisugua kabati mara tatu na bado sikuweza kula.

Ijumaa saa kumi redio ilisema kama mtu aliyekaa nasi chumbani. Mama alikaa mikono mapajani. Msomaji alitaja watu wa Bungoma, wa Mumias, wa Busia, jina baada ya jina, kila herufi mahali pake. Akamaliza. Wetu hakuwemo.

Mama alishusha pumzi. Alicheka kidogo, peke yake. "Basi yuko," alisema. "Mungu ni mwema." Akavua viatu. Jioni ile alipika kuku, akaimba akichambua mchele, na akaniambia mwisho wa mwezi tutakwenda wote, na atamchukulia Kukhu shuka moja laini aliyokuwa ameificha kwenye mzigo asiiuze.

Jumamosi adhuhuri jirani, aliyekuwa amekwenda kufuata omena tangu Ijumaa alfajiri, alikuta mlango wetu wazi, mama akifagia kizingiti. Akasimama mbali kidogo, kama nilivyomwamuru.

"Kwani hamkusafiri?" aliuliza.

"Kusafiri wapi, dada?"

Yule mama alinitazama mimi, kisha akamtazama mama, na nikaona anaelewa. Alivuka kizingiti bila kuomba ruhusa, akamketisha mama kwenye kiti chenye kitambaa, akamshika mikono yote miwili. Akamwambia. Tangazo la Kukhu lilisomwa Jumatano, likasomwa tena Alhamisi. Mazishi ni leo, saa nane.

Ilikuwa saa sita na nusu. Basi la kwetu lilichukua siku nzima. Jamaa zetu wengine wa mjini walikuwa wameshakwenda, kila mmoja akiamini kwamba binti wa marehemu ndiye aliyesikia wa kwanza.

"Nilikuja," jirani alisema. "Jumatano ile ile. Nikafukuzwa. Nikaona, basi, kesho watasikia wenyewe. Nami nilikuwa na hasira, dada. Nisamehe."

Mama alinigeukia. "Alikuja?"

"Alikuja."

"Ukamwambia nini?"

Nilimwambia. Maneno yote, pamoja na vile vidole puani. Hakunipiga, hakunitukana. Aliinuka, akapita mbele yangu, akatoka na yule mama, wakaingia mlango wa pili. Ndipo nikamsikia. Alimlilia mama yake huko, ng'ambo ya ukuta ule ule, hakumlilia kwetu.

Nilikaa na redio iliyopona hadi nikashindwa. Nilikwenda nikagonga. Jirani alifungua mlango wote, akanisogezea kiti kando ya mama, ambaye hakuinua uso. Nikakishika kile kiti, na hata wakati huo, kabla sijakaa, nilikitazama kwanza kama kina magamba.